Barabara kuu haina neno, kazi iko kwenye kipande cha mwisho

Swali: "Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 22, amepata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha mjini. Zamu ya jioni inaisha saa nne usiku. Tunakaa Sakina, ndani kidogo kutoka barabara ya Nairobi. Anashuka kwenye Hiace pale barabarani, halafu anapandisha kwa miguu peke yake. Mimi silali mpaka nisikie geti. Mama yangu mzazi ananicheka. Anasema miaka ya sabini alikuwa anatoka sinema pale Metropole usiku na kutembea mpaka Kaloleni bila kuogopa kitu, na kwamba sisi hofu tumeletewa na simu. Ni kweli zamani mji ulikuwa salama kuliko sasa? Na huyu mtoto nimwambie aache kazi?" Mama wa Sakina.

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali la mwisho ili leo upate usingizi: asiache kazi. Hayo mengine tuyaendee taratibu, maana mama yako hajakosea, ila ameisahau nusu ya habari.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni. Nimezaliwa 1962, si mbali na lile jengo ambamo Azimio la Arusha lilipitishwa mwaka 1967, na sare ya polisi nimeivaa miaka 36, kumi ya mwisho nikiwa Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa hiyo usiku wa zamani ninaujua kwa pande mbili: kama mtoto wa kike aliyetumwa mafuta ya taa saa mbili usiku, na baadaye kama askari aliyekaa kusikiliza mambo ambayo wakati ule hayakusemwa.

Tuanze na ukubwa. Sensa ya 1967 ilikuta Arusha ina watu kama 32,000. Sensa ya 2022 imehesabu jijini watu 617,631. Mji wa mama yako ungeweza kuutia wote ndani ya kata mbili tatu za leo. Katika mji wa namna ile hukuwa unatembea peke yako hata ukitaka. Nikipita Kaloleni usiku, kila baraza ilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na la kuniuliza: "Wewe si mtoto wa fulani? Unatoka wapi saa hizi?" Swali hilo nilikuwa nalichukia kuliko viboko. Leo naona ndilo lililokuwa taa zetu za barabarani. Balozi wa nyumba kumi alijua nani kalala kwa nani, na mgeni akifika jioni, asubuhi habari zake zimeshamfikia.

Halafu jiulize, mwizi wa wakati ule angepora nini njiani? Mtembea usiku alikuwa na saa ya mkononi kama ana uwezo, noti moja mbili kwenye pindo la khanga, na labda redio ya kaseti begani kama ni kijana wa kujionyesha. Mali ilikaa nyumbani: baiskeli, cherehani, nguo zilizoanikwa uani. Ndiyo maana mwizi tuliyemwogopa alikuwa mvunja nyumba. Binti yako anatembea na simu ya laki nne, na ndani ya simu hiyo umo mshahara wake. Mali imetoka kabatini ikaja kiganjani, na mwizi ameifuata.

Lakini lililo kubwa kuliko yote mama yako amelitaja mwenyewe bila kujua: sinema. Picha ikiisha, umati unatoka mlango mmoja kwa wakati mmoja. Kundi la Kaloleni linashika njia yake, la Ngarenaro yake, la Levolosi yake, watu wanasimuliana ngumi za kwenye picha kana kwamba walipigana wao. Viwandani ilikuwa hivyo hivyo. Zamu ikibadilishwa General Tyre au Kiltex, njia inajaa watu wenye vikapu vya chakula, wanatembea wanaongea kwa sauti. Hakuna aliyeitwa mlinzi pale, na wote walikuwa wanalindana. Sasa mtazame binti yako. Anatoka hotelini na mpishi mmoja, na mpishi anaelekea Ngulelo. Dada wa saluni kafunga saa mbili, wa duka la dawa saa tatu, wa baa atatoka saa saba. Wanaotembea usiku Arusha hii ni wengi kuliko wakati wowote niliouona, ila kila mmoja ana saa yake.

Hiyo ndiyo nusu anayoikumbuka. Sasa nusu nyingine.

Kwanza asikudanganye kwamba hakuogopa kitu. Sote tuliogopa mumiani. Likipita gari la zimamoto tulitawanyika kama vifaranga, kwa kuwa tuliambiwa ndilo linalokusanya watu wa kunyonywa damu. Hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyenyonywa, na bado kuna uchochoro karibu na soko ambao sikuupita mpaka nimekuwa mtu mzima. Kwa hiyo hofu isiyolingana na hatari haikuletwa na simu. Tulikuwa nayo, tena ya kutosha.

La pili ni zito kidogo. Msichana aliyetembea usiku bila mwanamume pembeni alikuwa na jina lake, na halikuwa jina zuri. Sheria ilikuwa na kosa la uzururaji, na ilipokuja Nguvukazi mwaka 1983, ule msako wa kuwaondoa mijini watu wasio na kazi ya kueleweka, mwanamke aliyekutwa peke yake barabarani alitakiwa kujieleza: mume yuko wapi, unafanya kazi gani, unatoka kwa nani. Nayasema haya mimi niliyevaa sare. Wapo wanawake ambao mtu wa kumkwepa usiku alikuwa askari. Nilipoanza kazi mwaka 1986 niliwakuta wakubwa zangu ambao kwao usiku mzuri wa doria ulikuwa ule uliojaza gari wanawake. Kwa hiyo sehemu ya ule utulivu anaousifu mama yako ilitokana na wengi wetu kukatazwa kuwa nje.

Na binti akiingiliwa kwa nguvu, neno liliishia kwenye kikao cha wazee. Lilipewa bei ya mbuzi au ndama, au likageuzwa posa. Hakukuwa na jalada. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imekuja 1998. Nikiwa dawatini walikuja bibi wa miaka sitini kumsindikiza mjukuu, na wakati mjukuu anaandika maelezo, bibi ananong'ona kwamba hata yeye, mwaka fulani, njia ya kisimani. Mtu akisema "zamani hayakuwepo", nina mashaka naye, maana mengi yalikuwepo na hayakuandikwa.

Tena hiyo zamani haikuwa moja. Mama yako anakumbuka kabla ya vita vya Kagera. Baada ya 1979 bunduki zilianza kuonekana kwa watu wasiostahili kuwa nazo, maduka yakawa matupu, na neno jambazi likawa la kila siku. Sungusungu walianzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakaenea, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Nazikumbuka filimbi zao. Kila nyumba inatoa mtu wa kulala nje au inachangia hela ya chai. Mtaa ulitulia kweli, ila nakumbuka pia fundi mmoja wa viatu aliyepigwa mpaka akalazwa kwa kosa la kuchelewa kutoka msibani. Na hawa watoto wetu wana zamani yao, 2013, bomu kanisani Olasiti mwezi wa tano na jingine kwenye mkutano wa siasa viwanja vya Soweto mwezi wa sita. Ilikuwa hofu ya haki kabisa, lakini ilikuwa ya mikusanyiko, si ya njia ya kwenda nyumbani.

Kwa hiyo ukiniuliza kama zamani ilikuwa salama kuliko sasa, nitakujibu: kwa nani, na saa ngapi? Kwa kijana wa kiume wa Kaloleni mwaka 1974, ndiyo, bila ubishi. Kwa binti wa miaka 22 anayetoka kazini saa nne usiku, huyo mwaka 1974 hakuwepo. Hakuna aliyemruhusu awepo.

Sasa tuje kwenye usiku wa leo. Jina linalotajwa sana Arusha ni tatu mzuka: vijana watatu juu ya pikipiki moja, jina wakiwa wamelichukua kwenye mchezo wa bahati nasibu. Wananyakua simu na mikoba. Usidhani ni mambo ya usiku wa manane tu. Mimi waliniibia mwaka 2019 saa kumi na mbili jioni, mwanga upo, nimevaa kiraia, natoka kununua dawa za presha. Nilikuwa natembea upande wa kushoto, magari yananijia kwa nyuma, mkoba uko bega la kulia, yaani upande wa barabara. Nikasikia pikipiki inapunguza mwendo, nikajua ni bodaboda anataka kuniuliza "mama, twende?" Wa nyuma kabisa ndiye aliyenyoosha mkono. Mkanda nilikuwa nimeupitisha shingoni, kama tulivyokuwa tunafundishana kwamba ndiyo salama, basi nikaburutwa hatua nne tano mpaka ukakatika. Goti langu la kushoto mpaka leo linajua mvua inakuja kabla ya mamlaka ya hali ya hewa. Nilipofika kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, kijana wa kaunta alisimama, akanipigia saluti, akasema, "Afande, hata wewe?"

Tangu siku hiyo somo langu limebadilika. Kwa kuwa magari yetu yanakwenda kushoto, tembea kulia, ili chombo kikujie kwa mbele ukione. Mkoba uwe upande wa ukutani au wa mfereji, bega moja tu, na mkanda usipite shingoni. Wakiuvuta, uachie. Mkoba unapatikana Kilombero sokoni wakati wowote, taya halipatikani. Simu isitoke mpaka uwe ndani ya duka au ndani ya geti. Na zile spika za masikioni, hata moja, zinafunga mlango wa pekee wa kujua nyuma yako kuna nini.

Kuna kitu kingine cha kujua kabla sijafika kwenye njia yenu. Hatari haifuati hofu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16, wanawake 40 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, na kwa walioolewa, aliyetajwa zaidi ni mume, wa sasa au wa zamani. Mafaili yaliyopita mezani kwangu yalisema hivyo hivyo. La mtu aliyevamiwa njiani na asiyemjua lilikuwepo, lakini kabla ya kulifikia ulifungua mengi yenye jina la mume, mjomba, mpangaji wa chumba cha pili, mwalimu wa ziada. Sikuambii haya kukuzidishia. Nataka ujue kwamba hata dereva wa bodaboda "tunayemfahamu" na msimamizi wa zamu anayejitolea kila siku kumrudisha kwa gari lake ni watu wa kuulizwa maswali, kama unavyomuuliza mgeni.

Sasa Sakina. Ukiniambia binti anatoka hotelini, anapanda Hiace mjini, anashuka barabara ya Nairobi, mpaka hapo sina wasiwasi mkubwa. Pana taa, magari, watu wa chipsi, bodaboda kijiweni. Kazi inaanzia pale anapoiacha lami. Kwa miaka yote ya doria, na baadaye nilipokuwa nazungukia mitaa na kina mama, waliokabwa karibu wote walikabwa kwenye kipande hicho: kutoka lami mpaka getini. Dakika tano au saba. Roba inapigwa pale ambapo mtu anajisemea "si nimeshafika".

Na unajua nini kimekiharibu kipande hicho? Kuta zetu. Nyumba za Kaloleni zilitazama njia. Mlango wazi, baraza, mtu kakaa. Tuliponunua viwanja Sakina, Njiro, Moshono, kila mmoja alipandisha ukuta, akaweka geti la chuma, akasokota waya juu, akanunua mbwa. Aliye ndani kapata usalama wake, sina ubishi, ila anayepita nje anatembea kwenye mfereji wa matofali. Akipiga kelele, husikii, na ukisikia hufungui. Taa yako ya ulinzi inamulika ua wako, maua yako, gari lako, njia ikabaki gizani. Nilipowahi kulisema hili kwenye mkutano wa mtaa, baba mmoja akaniuliza kama nataka abomoe ukuta. Nikamwambia hapana, geuza taa tu. Aligeuza, nampa heshima yake.

Nikupe mfano mmoja wa karibu. Miaka michache iliyopita kina mama wa mtaa mmoja upande wa Olasiti waliniita. Kwenye njia yao mabinti wanne walikuwa wamekabwa mahali pamoja, miezi ya tano na sita, na watu walishaanza kusema pana jini. Nikawaambia tutembee usiku, saa ile ile. Tulikwenda wanane na tochi zimezimwa. Katikati ya njia kulikuwa na kiwanja kisichojengwa, mwenyewe anakaa mbali, na jirani kakifanya shamba la mahindi. Mwezi wa tano mahindi ya Arusha yanazidi urefu wa mtu. Ukisimama mstari wa pili, anayepita hatua mbili kutoka kwako hakuoni, na wewe unamwona kwa sababu nyuma yake kuna taa ya duka. Jini lilikuwa hilo. Mwezi wa nane mahindi yakivunwa, "linahama". Hatukuhitaji hela ya mtu. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukamwita yule jirani, tukamwomba msimu unaofuata apande maharage. Akacheka, akapanda. Nilipita mwaka uliofuata, maharage yalikuwa yameshika vizuri sana.

Kwa hiyo kabla ya kumpa binti maagizo, itembee njia yake. Mpande Hiace pamoja siku ya zamu, mshuke saa ile anayoshuka, na mtembee bila kuongea. Tazama taa ya mwisho iko wapi na inayofuata iko wapi, na katikati yake kuna nini: uzio wa michongoma, nyumba isiyoisha, korongo, choo cha zamani cha mafundi. Nyumba ambayo haijaisha ndiyo mbaya kuliko zote, maana ina kuta na haina mwenyewe. Ukizikuta sehemu mbili za namna hiyo, angalia kama kuna njia ya kuzunguka, hata kama inaongeza dakika tatu. Binti atakuambia ya kuzunguka ina tope. Mnunulie viatu vya mvua, vile vya hotelini akabebe kwenye mfuko.

Halafu tafuta macho. Nani yuko nje saa nne na nusu? Mama wa chipsi pale kona, anafunga saa ngapi? Mlinzi wa ile nyumba ya ghorofa, yule mzee wa Kimaasai mwenye shuka na rungu, mnamsalimia kwa jina? Wengi wetu tunapita mbele ya mlinzi miaka mitatu hatumjui anaitwa nani, halafu tunataka atukimbilie. Mpelekee chai siku ya baridi, mtambulishe binti: "Huyu ni mwanangu, anapita hapa saa hizi." Inatosha. Hapo umemrudisha yule aliyekuwa ananiuliza Kaloleni natoka wapi.

Msimu nao una mambo yake. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro, mwaka mzima, na giza halibishi hodi: baada ya nusu saa ni usiku kamili. Ila usiku wa Februari na wa Julai haufanani. Juni na Julai baridi inawarudisha watu ndani mapema, wenye genge wanafunga saa mbili, ukungu unashuka, na njia iliyokuwa na watu kumi inabaki na mmoja. Miezi hiyo ndiyo ya kumlipia bodaboda. Na wiki ya Krismasi, ndugu zetu Wachaga wakishapanda migombani kula ng'ombe wao, Sakina nusu nzima inakuwa mageti yenye kufuli. Wiki hiyo pia.

Bodaboda awe wa kijiwe chenu, mwenye namba ya kijiwe, ambaye mwenyekiti wa kijiwe anamjua nyumbani kwao. Patana naye kwa mwezi, itakuwa nafuu kuliko kupatana kila usiku pale barabarani. Asimwite kwa kusimama gizani anatazama simu. Apige akiwa bado ndani ya Hiace, vituo viwili kabla. Hotelini nako kuna la kuomba. Hoteli nyingi zinazofunga zamu usiku zinaweza kupanga usafiri wa wafanyakazi, na pale isipowezekana, wanaweza kuwapanga wa upande mmoja zamu moja. Meneja hakatai jambo la bure. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Akihisi anafuatwa, asikimbilie nyumbani kama hakuna mtu. Aingie geti lolote lenye taa, agonge, aseme jina la mtu kwa sauti: "Baba Neema! Nimefika, fungua!" Baba Neema hayupo, lakini anayefuata hajui. Na hapa nisikilize vizuri: mfundishe asipige kelele ya "mwizi". Ajifunze kusema "nisaidieni". Nimeona hilo neno "mwizi" peke yake likimaliza kijana wa miaka kumi na tisa pale karibu na soko, kwa mawe na tairi, kabla hatujateremka garini. Alichokuwa ameshika mkononi kilikuwa mkate. Baadaye tukajua alikuwa anakimbilia gari. Aliyepiga kelele alikuwa mama mtu mzima ambaye kweli aliibiwa, ila si na huyo. Alikuja kituoni siku tatu mfululizo, anakaa kwenye benchi, hasemi kitu.

Yakitokea ya kutokea, simu ndiyo jambo jepesi. Leo hii mwambie abonyeze *#06#, aandike namba zitakazotokea kwenye daftari linalokaa nyumbani. Akiporwa, aazime simu yenye laini ya mtandao wake, apige 100 wafunge laini kabla hawajagusa hela, kisha aende polisi achukue RB. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Likiwa ni jambo la mwili, aende hospitali kwanza, asioge, asibadilishe nguo za ndani. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Fomu ya PF3, ile ya polisi anayojaza daktari, inahitajika kwa kesi, ila isiwe sababu ya mtu kukaa nje ya chumba cha daktari. Kila kituo kikubwa kina Dawati la Jinsia, aombe askari wa kike, ni haki yake. Na wewe mama, siku hiyo usimuulize alivaa nini. Nimewaona wazazi wakiuliza swali hilo mbele yangu, na nimeona binti akifunga mdomo asifungue tena.

Mwisho ni kuhusu wewe unayesubiri geti. Usimpigie kila dakika kumi. Kila unapopiga, anatoa simu mkobani, uso wake unang'aa gizani, mikono yake haiko huru. Pataneni ujumbe mmoja akipanda gari na mwingine akishuka. Kati ya hapo, vumilia.

Mama yako mpe shikamoo yangu. Tena muulize, ile picha ya Metropole ilikuwa ipi. Kama ni ya Kihindi, basi haikuisha saa nne, iliisha karibu saa tano, na kurudi Kaloleni tulirudi wote, mimi nikiwa nimebebwa mgongoni na kaka yangu.